Siku Inspekta Alipofunguliwa Kamba

Jogoo akishanyonyolewa, hupitishwa juu ya moto wa magunzi ili vinyoya vidogo vilivyobaki vibabuke. Harufu yake huwezi kuisifu. Hukaa kwenye nywele na kwenye leso mpaka kesho yake, na watoto wa siku hizi, waliozoea kuku wa kununuliwa tayari ndani ya mfuko, hushika pua wakakimbia. Jumamosi iliyopita, nyuma ya jikoni kwa Senge wangu kule kijiji cha Kwanza, nilikuwa nimemshika jogoo mkubwa miguu juu ya moto wa namna hiyo, moshi umenijaa machoni, nikaanza kucheka peke yangu. Msichana aliyekuwa akimenya viazi kando yangu aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa, ni Inspekta tu amenijia.

Inspekta alikuwa jogoo. Ninyi wenzangu wa rika langu, mliokulia kati ya Kitale na Bungoma kabla kila mtoto hajawa na simu, huenda mlikuwa na ndama mliyempenda au mbwa aliyewasindikiza shuleni. Mimi nilikuwa na jogoo, na kwa sababu yake nilimwozesha shangazi yangu. Sijidai. Haya, najidai kidogo, lakini nina haki.

Senge ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita dada ya baba. Senge Nafula alikuwa fundi wa nguo Matisi, hapo Kitale mjini, nami nilipelekwa kukaa naye ili nisome shule ya mjini. Kibanda chake kilikuwa kimepakana na poshomili, kwa hiyo kila kitu chetu, kuanzia cherehani mpaka nyusi, kilikuwa na unga. Alikuwa mrefu, mwenye ulimi mkali na kicheko cha kusikika mpaka barabarani, na aliweza kushona tundu la kifungo huku akinigombeza bila hata kuutazama mkono wake. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Niliamini kabisa kwamba yeye na mimi tutakaa kwenye kile kibanda mpaka tuzeeke.

Njoroge alikuwa kijana wa Kwanza, kutoka familia za Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia zamani wakawa wakulima wa mahindi. Alileta mahindi ya kwao kusagwa hapo jirani, na kila alipoleta mahindi, suruali yake ilikuwa imechanika. Ilichanika kwenye goti lile lile, mahali pale pale Senge alipokuwa amepashona juzi. Mimi nilidhani ni mtu wa kuanguka ovyo, nikamwonea huruma.

"Njoroge, hii suruali unaifanyia nini?" Senge alimuuliza siku moja akiigeuza geuza.

"Shamba yetu iko na mawe mingi, bana."

"Kwanza kuna mawe? Tangu lini?"

"Si basi ni mimi nimeyapeleka," Njoroge akasema, na Senge akacheka mpaka mwenye poshomili akachungulia.

Siku nyingine alikuja bila suruali ya kushonwa. Kwapani alikuwa amebeba jogoo mchanga, mwekundu, ambaye mkia wake ulikuwa bado haujaamua utakuwa wa namna gani. Alimweka chini mbele yangu, si mbele ya Senge. Akaniambia, "Naliaka, nilindie huyu mpaka Desemba. Ni wa kazi." Nikamuuliza kazi gani. "Kazi ya Kimilili," akajibu. Nilishangaa kumwona Senge akiinamia cherehani na kuikanyaga kwa nguvu wakati chini ya sindano hakukuwa na kitambaa chochote.

Kazi ya Kimilili naijua leo, basi acha niieleze vizuri. Boma la kuka, yaani babu yangu, liko upande huo, chini ya Mlima Elgon. Kila Desemba, mahindi yakishaingia ghalani, ukoo mzima ulikusanyika kwake. Palikuwa na busaa, pombe yetu ya nafaka, palikuwa na litungu, kile chombo chetu cha nyuzi, na palikuwa na kamabeka, ngoma ya mabega. Kijana mwenye nia na binti wa boma alikuja na jogoo, akamfunga kamba kwenye nguzo iliyochimbiwa katikati ya uwanja, kisha akasimama mbele ya binti na kucheza. Binti alisimama kimya, mikono chini, mpaka mabega yake mwenyewe yaamue. Yakiamua, na wanawake wa boma wakipiga vigelegele, kamba ilifunguliwa na jogoo akapelekwa jikoni. Hapo kijana alikuwa ameruhusiwa kuleta posa. Binti akicheza kwa huruma tu, wanawake walinyamaza, na bila vigelegele vyao hakuna aliyeruhusiwa kufungua kamba. Wimbo ukiisha jogoo bado yuko kwenye nguzo, kijana alimbeba kwapani, akapita naye katikati ya soko la Kimilili hadi kwao, na asimuulize binti huyo tena maishani.

Wakati ule hakuna aliyenieleza lolote. Mambo ya watu wazima hayakuelezwa watoto, uliyaona ukajipangia mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimejipangia hivi: mtu anakuja na jogoo wake, anacheza. Akishindwa, anapokonywa jogoo, jogoo anapelekwa jikoni, na mwenyewe analazimika kutabasamu. Akishinda, anaondoka na jogoo wake akiwa mzima, huku watu wote wakipiga kelele nyuma yake mpaka langoni. Sikuona kama kuna namna nyingine ya kuielewa.

Tena bingwa nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja aliyeitwa Wanyama alikuja kumchezea Senge. Alivaa viatu vya kung'aa. Alicheza kidevu juu, macho mawinguni, kifua mbele, akauzunguka uwanja wote kama anakagua ng'ombe, akampa Senge mgongo, akamalizia kwa kujipiga kifuani kwa kidole gumba. Senge hakutikisa hata sikio. Wimbo ukaisha, Wanyama akachukua jogoo wake akatoka, na umati wote ukamsindikiza kwa vicheko na miluzi. Nilisimama langoni nikampigia makofi mpaka viganja vikaniwasha. Aliniangalia vibaya sana, na sikujua ni kwa nini.

Kwa hiyo mahindi yalipoanza kukauka mashambani, na Njoroge akaja nyuma ya poshomili kuniuliza kwa sauti ya chini, "Naliaka, wewe ni wa huko. Si unaweza nifundisha hiyo kitu ya mabega?" nilimtazama Inspekta. Alikuwa ameshakuwa jogoo kamili. Alitembea katikati ya magunia polepole, akisimama kila mahali kuangalia kama kazi inafanywa sawasawa, na ndiyo sababu nilimpa jina hilo. Alilala chini ya meza ya Senge na alinijua kwa hatua zangu. Sikutaka hata kuwaza kumwona kwenye sufuria. Nikamwambia Njoroge nitamfundisha, lakini lazima afuate kila ninachosema.

Alifuata. Sijapata kuwa na mwanafunzi mtiifu namna ile tena. Kila alipomaliza kupakua magunia tulienda nyuma ya poshomili, ambako kelele za mashine zilitufichia siri yetu, nami nikamfundisha Wanyama mzima mzima. Shida ilikuwa mabega. Mabega ya Njoroge yalikuwa yamebeba mahindi tangu utotoni, na yalijua kwenda juu na kushuka chini, basi. Nilimshika nikamtikisa. Nikamwambia afikirie nzi ametua mgongoni na mikono imejaa. Haikusaidia.

"Macho juu!" nikamwamrisha. "Usimwangalie."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukimwangalia umeshindwa."

"Naliaka, una uhakika? Mimi nilidhani ndiye naenda kuangalia."

"Wewe ni wa huko ama mimi?" Akatazama mawingu.

Kitu ambacho sikukijua, na ambacho niliambiwa nikiwa mtu mzima, ni uzito wa siku ile kwa Senge. Baada ya kumkataa Wanyama watu walikuwa wamesema vya kutosha: ati anaringa, ati cherehani imemlewesha. Kuka hakuwa na neno baya juu ya Njoroge ila kwamba alikuwa mgeni, si wa kabila letu, na kwamba akitaka binti wa boma lile asimame uwanjani kama wengine. Senge naye alikuwa amemwambia kukhu, bibi yangu, maneno mafupi: ni huyu, ama msiniletee mwingine tena. Maisha yake yote ya mbele yalikuwa yamewekwa kwenye mabega ya Njoroge, na mabega ya Njoroge yalikuwa mikononi mwangu.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Harufu ya busaa ilikuwa kila mahali. Inspekta alifungwa kwenye nguzo, nami nikamnong'oneza asiwe na wasiwasi, kwamba kabla ya jioni tutakuwa njiani kurudi Matisi. Wanawake walijipanga upande mmoja. Senge alisimama mbele yao, amevaa gauni la rangi ya chungwa alilolishona mwenyewe, mikono chini kama desturi ilivyotaka. Mpiga litungu, mzee mwembamba aliyekaa kwenye kigoda, akajaribu nyuzi zake, akaanza.

Njoroge akaingia. Akainua kidevu. Akatazama mawingu. Akaanza kuuzunguka uwanja, kifua mbele, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayebebeshwa gunia, anayelitua, anayebebeshwa tena. Nilijaa fahari. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti, "Mayi wee! Huyu amemeza mwiko?" Mwingine akasema, "Ati Wanyama amerudi! Tena amekonda!" Kicheko kikapita kwenye mstari wao, na hakikuwa kicheko kizuri. Walimjua Wanyama, walikijua kiburi kile, na sasa waliona mgeni amekuja na kiburi cha kuazima. Njoroge akampa Senge mgongo kama nilivyomfundisha. Nikamtazama Senge nikitegemea atafurahi, nikaona midomo yake inatetemeka. Senge wangu, aliyeweza kumjibu mtu yeyote Matisi nzima, alikuwa karibu kulia mbele ya ukoo. Niliogopa bila kujua ninaogopa nini.

Wimbo ulikuwa unaelekea ukingoni. Njoroge, macho bado mawinguni, alirudi nyuma, mguu ukanasa kwenye kamba ya Inspekta, na mtu mzima akaanguka magoti pu! Inspekta alipiga yowe la kusikika mpaka sokoni. Na Njoroge, mbele ya watu wote wale, alisahau mawingu, alisahau kifua, akageuka kwa jogoo na kusema, "Pole, Inspekta. Pole bana, si makusudi." Akamtoa taratibu kamba iliyokuwa imemzunguka shingoni, ikabaki imefungwa mguuni tu, akampangusa vumbi. Kisha akainua macho, na macho yake yakakutana na ya Senge.

Nikaona kila kitu kimeharibika. Nikaruka katikati ya uwanja nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Usimwangalie! Njoroge, usimwangalie! Watamchinja!"

Litungu likakatika katikati ya wimbo. Ukoo mzima ulinigeukia. Kukhu, ambaye alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa wanawake, aliniuliza polepole, "Naliaka. Ni wewe ulimfundisha huyu mtu?"

"Ndiyo, kukhu."

"Ulimfundisha nini?"

"Nilimfundisha ya Wanyama," nikasema, nikianza kulia. "Si ndiyo ya kushinda? Si Wanyama alirudi na jogoo wake?"

Halafu nikamwona Senge akifunika mdomo kwa mkono. Akamtazama Njoroge aliyekuwa bado amepiga magoti na vumbi usoni, mtu aliyekubali kufundishwa na mtoto nyuma ya poshomili, akafuata kila neno kwa sababu lilimhusu yeye, Senge. Kicheko kikamtoka. Kile kicheko chake cha barabarani, si cha adabu. Kilimkunja, kikamnyoosha, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kucheka, yote mawili, na hayakusimama. Yule mzee wa litungu alikuwa mjanja. Alitazama mabega yale mara moja, akayafuata kwa nyuzi zake, na kabla hujajua ni lini kicheko kimekwisha na ngoma imeanza, Senge alikuwa anacheza kamabeka.

Njoroge alicheka pia, pale pale kwenye magoti, macho yamemkazia Senge, na mabega niliyoyatikisa wiki baada ya wiki bila faida yakalegea yenyewe. Alicheza. Sikumfundisha mimi ile. Vigelegele vilianza na kukhu, vikashika mstari wote, vikaenda mpaka nikaziba masikio. Hata kuka alikuwa amesimama, fimbo hewani, mabega yake ya kizee yakifanya yaliyoweza.

Kisha kukhu akaenda kwenye nguzo akaifungua kamba.

Nilimrukia mkono. "Tumeshindwa!" nikalia. "Kukhu, msimchukue, Njoroge ataanza tena, atafanya vizuri!"

Kukhu akachuchumaa mbele yangu, Inspekta kwapani. "Nani amekudanganya? Hii ndiyo kushinda, mtoto wangu."

"Na Wanyama?"

"Wanyama alienda na jogoo yake," kukhu akasema. "Hakuna kitu kingine alienda nayo."

Nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Nikaelewa kwamba Inspekta anaenda jikoni na kwamba Senge anaenda Kwanza, na kwamba watu wote waliokuwa wakiruka na kuimba walikuwa wanafurahia mambo hayo mawili. Niliumia. Nilikaa chini pale kwenye nguzo nikaishika ile kamba tupu, nikalia kilio cha mtoto ambaye hakuna anayelia pamoja naye. Lakini nilimwona Senge akicheza, gauni la chungwa likiruka, kichwa nyuma, na nilijua sijawahi kumwona hivyo kwenye cherehani. Hata katikati ya kamasi nilijua ni kazi yangu.

Chakula kilipoiva, jambo moja likatokea ambalo pale nyumbani husimuliwa mpaka leo. Kwetu firigisi ya kuku, ambayo tunaiita imondo, haikuliwa na wanawake wala watoto. Ni ya baba wa boma au mgeni wa heshima, na wengine walinusa wakaridhika. Kuka alimpa Njoroge imondo ya Inspekta kwenye sahani, peke yake, mbele ya wanaume wote. Njoroge akaipokea kwa mikono miwili. Akasimama. Akaukata uwanja mpaka upande wa wanawake, akaja kwangu nilipokuwa nimejikunyata, akanipa.

"Hii ni ya mwalimu," akasema.

Wazee wakaguna. Mmoja akaanza kusema kwamba mgeni hajui desturi. Kuka akainua mkono. "Mwacheni mtoto ale," akasema. "Si ndiye alikuwa mshenga?"

Nilikula. Nilikuwa ninalia, na nilikuwa ninakula, na ilikuwa tamu sana.

Basi Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Wanjiru, binti wa kwanza wa Senge, aliyepewa jina la mama yake Njoroge. Senge alichimbia nguzo kwenye uwanja wake wa Kwanza miaka mingi iliyopita, na majirani wa Njoroge waliouliza ni ya kufunga nini sasa huja mapema kutafuta pa kukaa. Kijana alitoka upande wa mlimani na jogoo mweupe, akacheza akitazama viatu vyake mwenyewe, akatutesa sana, mpaka mabega ya Wanjiru yakamhurumia kisha yakampenda. Tulipiga vigelegele tukakauka koo. Senge, ambaye magoti yamemchosha siku hizi, alinisukuma mgongoni. "Nenda wewe," akasema. Nikatembea mpaka kwenye nguzo, mbele ya watu wote, nikaifungua kamba kwa mkono wangu.

Jioni, wakati wa kugawa, Njoroge alimpa yule kijana imondo kwenye sahani, peke yake. Kijana akaishika akiwa hajui afanye nini. Njoroge, mwenye mvi kichwa kizima sasa, akanyoosha kidevu upande wangu, na kijana akaja akanipa kwa mikono miwili. Wazee wa upande wa kijana wakaguna. Safari hii sikulia. Niliitafuna polepole, huku nawatazama usoni, mpaka ikaisha.